Mtoto akitumwa sigara, nani anavunja sheria?

Nchini Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kumuuzia sigara mtu yeyote aliye chini ya miaka 21. Mkimbizi anawajibika kuifuata sawa na raia. Hata hivyo, katika vibanda vya makazi yetu mtoto wa miaka kumi anaweza kupewa sigara na hakuna anayeshtuka. Kwa nini?

Kwanza, ni desturi ya kutuma. Mtoto akitumwa na mkubwa haulizi, anakwenda. Muuzaji anajua pesa ni za baba, basi anauza. Lakini sheria haiangalii nani ataivuta sigara hiyo. Inaangalia nani amekabidhiwa. Na mtoto aliyezoea kuinunua hatapata shida siku atakapotaka ya kwake.

Pili, ni sigara za mojamoja. Sheria hiyohiyo inakataza kufungua pakiti na kuuza hivyo. Pakiti nzima mtoto haiwezi, lakini sigara moja anaimudu.

Tatu, na hapa ndipo pagumu, ni njaa. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, kwa familia nyingi kibanda ndicho chungu cha jioni. Polisi wakifanya msako na kubeba bidhaa, mama wa watu anapata hasara, na wiki inayofuata anaanza upya kwa sababu wateja ni walewale. Msako wa ghafla pia unafungua mlango wa kudaiwa kitu kidogo.

Kwa hiyo utekelezaji uanzie kwenye mkutano wa kijiji. Viongozi wa RWC wakae na wauzaji wote, wakubaliane: mtoto hapewi sigara, hata akija na salamu za baba yake. Kijana ambaye umri wake una shaka aonyeshe kitambulisho cha mkimbizi. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa humo. Wote wakikataa kwa pamoja, hakuna atakayempoteza mteja kwa jirani. Polisi waitwe kwa anayeonywa na kurudia.

Makubaliano hayo hayahitaji bajeti wala mradi. Yanahitaji wazazi wakubali jambo moja dogo: anayetaka sigara aifuate mwenyewe dukani.