MASTAA WA DUBU LA NJANO: MASAA 11 DOHA, UNARUDI NA PICHA ZA MDOLI!

Leo sina ubuyu wa nani kamwacha nani. Leo nina hasira.

Kuna staa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni nisije nikaletewa wanasheria, katupia picha kumi na mbili kaandika "bata Doha". Nimezikagua zote. Ya kwanza dubu la njano. Ya pili dubu la njano. Ya tatu yeye kavua viatu, nyuma yake dubu. Hilo dubu liko NDANI ya uwanja wa ndege wa Hamad jamani! Ni sanamu la shaba la karibu mita 7, kazi ya msanii wa Uswisi anaitwa Urs Fischer. Zuri, sikatai. Ila staa wetu mwenyewe anajisifu kwamba alisubiri ndege ya kuunganisha masaa 11. Masaa 11 unamzunguka mdoli! Treni ya mjini inaanzia hapohapo uwanjani, unafika soko la Souq Waqif, unafika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu iliyochorwa na I. M. Pei. Mtu ana meneja, ana hela ya kuomba viza mapema, kachagua kulala kwenye kapeti.

Na si yeye peke yake. Mwingine, huyu wa Bongo Fleva, alikwama Nairobi kutwa nzima akawa anarusha laivu analalamika amechoka. Kaka, wewe ni Mtanzania, Kenya huhitaji viza! Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iko pembeni ya mji, ipo tangu 1946, unamwangalia faru huku nyuma yake unaona maghorofa. Kigali hivyohivyo. Unatoka uwanjani unapanda pikipiki, unakwenda Gisozi kwenye kumbukumbu ya mauaji ya 1994, wamelazwa pale watu zaidi ya laki mbili na nusu. Ukitoka pale hutaandika tena "stress" eti kwa sababu chaji imeisha.

Najua mtasema, "wewe wa Binza ndege umepanda lini?" Haya, nisikilizeni.

Mwaka juzi nilipata kazi ya siku tatu Mbeya, nikakatiwa tiketi Mwanza, Dar, Mbeya. Mara yangu ya kwanza angani. Dar nilishuka saa mbili asubuhi, ndege ya Mbeya saa tisa alasiri. Masaa saba. Sikuwa na mzigo, begi la mgongoni tu. Viza ya kwenda Posta haipo. Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert wana fuvu la Zinjanthropus lililookotwa Olduvai 1959, mimi nililichora kwenye daftari la historia mpaka nikalichukia. Feri kuna samaki, kuna pantoni ya Kigamboni kwa nauli ya kutupa, kuna bahari.

Unajua nilifanya nini? Nilikaa kwenye kiti cha chuma nimekumbatia begi, nikanunua chai kwa bei ya kuku. Niliogopa. Nilikuwa naona kama niko shule, ukitoka geti mwalimu wa zamu anakuandika jina.

Nimerudi nyumbani, bibi yangu, ambaye maji makubwa aliyowahi kuona ni ziwa pale Lamadi, akaniuliza: "Ni kweli bahari ina chumvi? Ulionja?"

Nikamjibu ndiyo bibi, nilionja. Mpaka leo anawasimulia majirani mjukuu wake kaonja bahari. Sasa mnaelewa kwa nini lile dubu linaniuma.

Kabla hamjanirukia: siwasemi akina dada wanaopita viwanjani kwenda kazi za ndani Uarabuni, pasipoti kashika wakala. Yule hata choo anakwenda kwa woga. Na kama una masaa matatu, tulia hapohapo, foleni ya Dar utaijibu nini? Nawasema wenye masaa nane, kumi, kumi na mbili. Uliza kaunta kama begi lako linakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Viza ikihitajika omba kabla hujaondoka nyumbani. Beba kadi ya homa ya manjano. Ndege ya nje rudi masaa matatu kabla, ya ndani mawili. Basi, toka!

Mwezi ujao napita Dar tena, nina masaa sita. Nimeshaweka kichupa kidogo kitupu kwenye begi, cha bibi. Wakininyang'anya kwenye ukaguzi nitawaambia humuhumu.

Haya, mashabiki wa dubu, komenti ziko wazi, njooni mnitukane.