Hatifungani za Mapato: Nani Hasa Anadaiwa?

Wakazi wa Hopkins, magharibi mwa Minneapolis, wana haki ya kuuliza maswali makali kuhusu madeni yanayobeba jina la mji wao. Lakini hoja tatu zinazorudiwa mara kwa mara zinapotosha.

"Mji ukiuza hatifungani, deni ni la walipa kodi." Kwa hatifungani za mapato, sivyo. Sura ya 469 ya sheria za Minnesota inauruhusu mji kukopa kwa niaba ya kiwanda au taasisi isiyotafuta faida. Nyumba zina sura ya 462C. Mwenye mradi ndiye mlipaji, na mkopeshaji hawezi kuulazimisha mji utoze kodi ili alipwe. Mradi ukianguka, hasara ni ya mkopeshaji. Hata Tanga, nchini Tanzania, mamlaka ya maji ilipouza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, malipo yalitegemezwa kwenye mapato ya maji. Kodi zetu hufungwa na hatifungani za aina nyingine, ambazo mji huziwekea dhamana yake yote.

"Basi mji hautoi chochote." Unatoa jina lake. Kwa jina hilo riba mara nyingi husamehewa kodi ya shirikisho, na mwenye mradi hukopa kwa bei nafuu. Msamaha huo ni fedha ya umma, na ndiyo maana sheria ya shirikisho ya 1982 ilidai kikao cha wananchi kabla ya idhini.

"Kisheria hatudaiwi, hivyo hatuna la kuhofia." Hoja hii ndiyo ya hatari zaidi. Vadnais Heights, kaskazini mwa Saint Paul, uliunga mkono kituo cha michezo kilichojengwa mwaka 2010 kwa hatifungani za karibu dola milioni 25. Mji uliahidi kuziba pengo la mapato, lakini ukabaki na haki ya kuacha. Mwaka 2012 baraza likaacha. Halikuvunja sheria, lakini Moody's, shirika linalopima uwezo wa kulipa madeni, likaushusha mji hadi chini ya daraja la uwekezaji. Mwaka 2014 Kaunti ya Ramsey ikakinunua kituo kwa chini ya dola milioni 11.

Kwa hiyo, kabla baraza halijapiga kura, nenda kwenye kikao. Omba usomewe kifungu kinachotaja mlipaji, kisha uliza kama kuna mkataba wowote wa pembeni unaoahidi kuziba pengo. Jibu la swali hilo la pili lidai kwa maandishi.