Majitaka ya Busia yasafishwe kabla ya kufika Mto Sio

MTO Sio huanzia vilima vya Bungoma nchini Kenya, hupita Busia, kisha huwa mpaka wa Kenya na Uganda kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mfanyabiashara anayevuka mpaka huonyesha kitambulisho na mzigo wake hukaguliwa. Maji ya mto hayaulizwi yatokako. Uchafu unaotupwa ng'ambo moja huchotwa kwenye ndoo ng'ambo ya pili.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Hatua hiyo tuliipongeza. Lakini biashara huleta watu, nao watu wanahitaji vyoo: madereva, wachuuzi wa soko, wageni wa nyumba za kulala, mama lishe. Uchafu wao lazima uende mahali.

Mahali panapofaa ni mabwawa ya kusafishia majitaka. Kwa mji mdogo, njia hii haihitaji mashine ghali wala umeme mwingi. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope huzama na bakteria huanza kulila. La pili si la kina kirefu. Humo mwani hutoa oksijeni inayosaidia bakteria kumaliza kazi. Katika bwawa la mwisho jua hupata nafasi ya kuua vijidudu vya maradhi. Baada ya siku kadhaa, maji huweza kuingia mtoni bila kuwanyima samaki hewa.

Mabwawa hayo hushindwa yanapopuuzwa. Tope lisipoondolewa kila baada ya miaka michache, hujaza bwawa, na maji hupita haraka kabla ya kusafishika. Bwawa linabaki jina tu.

Anayedhani hili ni suala la wataalamu wa mazingira pekee akumbuke Desemba 1997. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Aliyekuwa na samaki safi aliumia pamoja na wengine wote. Kipindupindu kikilipuka mjini leo, vibanda vya chakula na soko la samaki ndivyo hufungwa kwanza. Mkopo wa chama, hata hivyo, hausubiri.

Kuna kasoro nyingine. Kanuni za Kenya za 2006 zilitaka uchafu unaokula oksijeni usizidi miligramu 30 kwa lita ya maji yanayotiwa mtoni. Kanuni za Uganda za 1999 ziliruhusu miligramu 50. Mto ni mmoja, vipimo viwili. Sokoni tungeita hiyo mizani ya udanganyifu. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini Novemba 2003, inasema anayechafua ndiye anayelipa. Atalipaje ikiwa hatukubaliani nani amechafua?

Tunazitaka mamlaka za Busia zote mbili zitumie kipimo kimoja, kile kikali zaidi, na matokeo ya kila mwezi yabandikwe sokoni kwa Kiswahili. Magari ya kunyonya vyoo yasajiliwe, na dereva arudi na risiti ya mabwawani. Asiye nayo aulizwe alikomwaga. Sehemu ya ushuru wa soko itengwe kwa kuondoa tope, wala isiguswe kwa kazi nyingine.

Nasi wafanyabiashara tuna wajibu. Mafuta ya kukaangia, mifuko ya plastiki na matumbo ya samaki huziba mabomba. Tusivitupe humo. Na tunapolipa ushuru, tudai choo kinachofanya kazi kama tunavyodai risiti.

Jumuiya imetufungulia njia ya bidhaa. Isiache kipindupindu kipite njia hiyo hiyo.