Nusu siku katika mashamba ya Unguja

Ziara ya asubuhi kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar hufaa zaidi kwa kikundi kidogo chenye mtembezaji mmoja. Kituo cha kwanza huwa Maruhubi, kasri la Sultan Barghash lililoungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo, kuta na hamamu. Mbele kidogo ni Mtoni, alikozaliwa binti mfalme Seyyida Salme mwaka 1844.

Kidichi ndiko kunakostahili muda. Hamamu ya huko ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sultan Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi, na mapambo yake ya chokaa yana ndege na maua ya Kiajemi. Vyumba ni vidogo: watu ishirini wakiingia pamoja, hakuna aonaye wala asikiaye. Jirani kuna mashamba ya viungo, ambako wageni huonja mdalasini na iliki. Mtembezaji mzuri hawaachi waondoke na harufu tu. Huwaeleza pia kwamba karafuu zilizotajirisha kisiwa katika karne ya 19 zilichumwa na watumwa.

Ndiyo maana safari isiyofika Mangapwani ni pungufu. Huko kuna chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, walikofichwa watumwa baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873. Anayelipia ziara na aulize mapema kama Mangapwani imo.