Muuguzi aliyekufokea huenda hajalala tangu jana

Ukipitia TikTok hukosi video ya muuguzi akimfokea mgonjwa. Nasi huko chini tunamwaga maoni: hana utu, afutwe kazi! Ni wachache wanaouliza ameingia kazini saa ngapi.

Zamu ya usiku huchukua takriban saa 12. Katika hospitali nyingi za umma, muuguzi mmoja huachiwa wagonjwa ambao wangehitaji wauguzi watatu. Mama akifariki akijifungua, mara nyingi muuguzi ndiye humfunika, kisha huvaa glavu nyingine kwa sababu kitanda cha pili kuna mwingine anayepiga mayowe. Hakuna anayemketisha na kumuuliza, "We mwenyewe uko sawa?"

Asubuhi anapanda matatu kurudi nyumbani, ambako zamu nyingine inamsubiri. Mtoto aende shule, nguo zifuliwe, halafu ajaribu kulala mchana kwenye ploti yenye kelele. Wengi wao ni rika letu, wametoka KMTC juzi tu, na huenda ndio wa kwanza kwao kupata kazi ya mshahara. Basi karo ya kaka mdogo ni yake, dawa za presha za nyanya ni zake, na shangazi akiugua saa nane usiku, simu inayolia ni yake. Jamaa hao hawajui kwamba mshahara wa kaunti umechelewa na kwamba anaishi kwa mikopo ya simu. Na bado tunataka atabasamu.

Walio kwenye kandarasi wana la ziada. Wauguzi walioajiriwa 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote (UHC) wamepitia miaka ya kusubiri kujua kama wataajiriwa kwa masharti ya kudumu. Ukiwa katika hali hiyo, hata kuomba likizo unaogopa.

Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba uchovu wa aina hii hutokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Kumbuka, ni wa kazini. Kwa hivyo kumwambia muuguzi ajikaze ni kumtwika kosa la mwajiri wake. Keki na fulana za Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, ni sawa tu, lakini haziondoi deni wala usingizi.

Kaunti zilipe mishahara kwa wakati na kutoa ratiba za zamu mapema ili mtu apange mambo ya nyumbani kwake. Tena ziwape wauguzi washauri nasaha walio nje ya hospitali wanazohudumu. Kwa sasa, anayetaka msaada huenda akalazimika kupiga foleni katika kliniki ya hapo hapo kazini, mbele ya watu atakaokunywa nao chai saa nne.