SEHEMU YA 14: Waini ya zamani na damu ya mjamzito

Nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila hata kuweka alama, nawaona.

Leo ni waini nyekundu. Tangu minada ya korosho ianze nimepata meseji nyingi zinazofanana: "Sista, mke wangu kapimwa damu imeshuka, nimnunulie waini ipi?" Angalieni swali lenyewe. Hamuulizi kama inasaidia. Hilo mmeshamaliza wenyewe, mnataka jina la chupa tu.

Niwaambie kwa nini linaniuma. Msimu mmoja uliopita alikuja mama mwenye mimba ya pili, wiki 33, kutoka kijiji kimoja upande wa Ruangwa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane.) Kachoka, moyo unakwenda mbio, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Tukapima wingi wa damu, 6.4. Mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu. Chini ya 7 ni upungufu mkali, hapo hatuzungumzii mchicha tena, tunazungumzia chupa ya damu na ndugu wa kuchangia.

Nikamuuliza, vidonge vya damu ulivyopewa kliniki unameza? Akatazama chini. Aliyejibu ni mumewe. Akafungua begi akatoa chupa imefungwa kwenye kanga, imebaki robo. "Sista, amekuwa akinywa hii, glasi moja kila jioni, mwezi wa pili sasa. Vidonge vilimtapisha tukaona aache." Kwenye lebo kuna mwaka, na imeandikwa kwamba ni mchanganyiko wa aina tatu za zabibu. Alikuwa amelipia pesa nyingi, pesa ya korosho, kwa sababu aliambiwa ile ya mwaka juzi ni ya starehe, lakini ya zamani ndiyo dawa, na iliyochanganywa zabibu nyingi ina nguvu zaidi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Au haikuwa imekaa muda wa kutosha?"

Jamani. Yule baba hakuwa mlevi wala mzembe. Kuna wenzake ambao pesa ya korosho haifiki hata nyumbani. Huyu alimpenda mkewe akamnunulia kitu cha gharama kubwa, na kitu chenyewe kikamdhuru. Kumgombeza sikuweza.

Sasa ili msiseme nesi anasema asichokijua, mimi waini ya zamani nimeionja. Sina mimba, sinyonyeshi, mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili. Ilikuwa send-off ya binti wa rafiki yangu hapa Nachingwea. Pale kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyeishi Dodoma miaka mingi, akaja na chupa ya mchanganyiko wa zabibu za hukohuko, imekaa miaka minane. Mnajua Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kuna aina yao inaitwa Makutupora. Nikamwambia shikamoo Mwalimu, nifundishe, maana wagonjwa wangu wananiuliza.

Akaninyima kunywa kwanza. Akainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, akasema tazama ukingoni. Waini changa ina wekundu mkali unaoelekea zambarau. Hii ukingo wake ulikuwa kama tofali la kuchoma. Chini ya chupa kulikuwa na machicha meusi, nikadhani imeharibika, kumbe ni rangi na ule ukakasi vimeshikana miaka yote hiyo vikatuama. Akaizungusha, akaninusisha. Harufu ya tunda bichi imekwisha, imebaki kama tende, zabibu kavu, na ngozi ya mkoba mpya. Ndipo nikapewa kidogo. Ulimi ukakauka, lakini taratibu, si kama ukila bibo bichi. Mnaujua ule ukakasi wa bibo unaokaza mdomo mzima? Ni jamii moja, wataalamu wanaita tanini. Kwenye waini changa unakwaruza, kwenye iliyozeeka vizuri unalainika.

Akanichekesha alipoongeza kwamba wanaoonja kama kazi, wenye chupa thelathini mbele yao, hawamezi. Wanatema kwenye ndoo. Mimi nilimeza.

Ilikuwa nzuri. Kama kinywaji naipa saba kwa kumi, tatu nimezitoa kwa sababu napenda vitamu na ile haina utamu kabisa. Kama dawa ya damu naipa sifuri.

Sikilizeni sababu. Wekundu wa waini unatoka kwenye ganda la zabibu. Zabibu nyingi nyekundu ukizikamua bila ganda, maji yake ni meupe. Kwa hiyo rangi ile haina uhusiano na damu, kama vile rozela na soda nyekundu zisivyo na uhusiano nayo. Damu inahitaji madini ya chuma. Glasi ya waini ya mililita 150 haifikishi hata miligramu 1 ya chuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate kwa vidonge miligramu 30 mpaka 60 kila siku, pamoja na foliki asidi. Pigeni hesabu ni glasi ngapi hizo. Na tanini zilezile zinazokausha ulimi zinashika chuma kilichomo kwenye mboga na maharage tumboni, kisiingie mwilini vizuri. Ndiyo maana tunawakataza pia chai ya rangi pamoja na chakula. Kaeni saa moja au mbili kwanza.

Na kuzeeka? Kuzeeka kunabadilisha harufu, rangi na ukakasi. Hakuongezi chuma. Wala hakupunguzi kilevi, ambacho waini nyingi ni asilimia 12 mpaka 14. Halafu waini nyingi hazikutengenezwa kukaa miaka mingi. Chupa iliyosimama dirishani mwa duka kwenye joto letu la Lindi, mwaka wa tano huo, haijazeeka, imechoka tu. Mnauziwa uchovu kwa bei ya dawa.

Kilevi anachokunywa mama kinapita kondo la nyuma kinamfikia mtoto, na ini la mtoto bado halijui kazi hiyo. Kinaweza kuharibu ukuaji wa ubongo wake, na akishazaliwa hakuna sindano ya kurudisha. Kipimo salama kwa mjamzito hakijulikani, ndiyo maana tunasema usinywe kabisa. Najua atatokea shangazi wa kusema "mimi nilikunywa uraka mimba zote saba na watoto wangu wazima". Shangazi, tunamshukuru Mungu. Mtu akivuka barabara amefumba macho akafika salama, haturuhusu watoto wafanye hivyo.

Uraka nao tuuseme hapahapa, maana wengine mtasema waini ni ya wenye pesa. Maji ya mabibo yakichacha ni pombe, hata kama jana yalikuwa juisi. Nipa sitaki hata kuizungumzia kwa mjamzito. Bibo lenyewe bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, kuleni, lakini lina ukakasi pia, kwa hiyo msiende kuligeuza dawa nyingine mkaacha vidonge. Nawajua.

Vidonge vinatapisha, ni kweli, siwezi kuwadanganya. Mimi mwenyewe mimba ya kwanza vilinishinda wiki mbili. Meza usiku ukienda kulala, baada ya kula kidogo, pamoja na chungwa, pera au maji ya limau. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni chuma hicho. Vikikushinda kabisa rudi kliniki useme, usivitupe chooni ukaja kutudanganya unameza, kipimo kitakusema. Na damu haishuki kwa chakula peke yake. Huku kwetu malaria inaimaliza, minyoo inaimaliza. Ndiyo maana tunakupa SP, dawa ya minyoo na chandarua. Chakula ni kisamvu, majani ya kunde, mbaazi, dagaa, na ini mara mojamoja ukipata.

Kina baba, pesa ya chupa ile inatosha dagaa na matunda ya mwezi mzima, na nauli ya bodaboda ya kliniki inabaki. Nunueni hivyo. Mkitaka kunywa waini wenyewe ni uamuzi wenu, ila msiiite dawa mbele ya mke mwenye mimba.

Mtaniuliza yule mama alifikia wapi. Aliongezewa chupa mbili za damu, mojawapo alitoa mumewe mwenyewe. Akajifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike, kilo 2.4, mdogo lakini analia kwa nguvu. Siku ya kuruhusiwa yule baba aliniletea ile robo iliyobaki, akasema hawezi kuitazama. Niliimwaga kwenye sinki la wodi mbele yake. Chupa akaiomba, akasema mama yake ana mafuta ya ufuta hayana pa kuwekwa.

Sehemu ya 15 ni waliojifungua, pombe na kunyonyesha, maana najua mtauliza chini hapa. Nipeni siku tatu, nina zamu za usiku.