Viza ya Matibabu India: Hesabu Ianze Kabla ya Kuuza Shamba

Kwa wakulima na wafanyabiashara wa Tanzania, India ni soko. Huko ndiko zinakokwenda korosho na mbaazi, na wakulima wa mbaazi hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha uagizaji na bei ikaanguka. Lakini kwa familia nyingi India ni hospitali pia. Mtu akiambiwa ana tatizo la moyo, figo au saratani, ndugu huitisha kikao, na mara nyingi kinachotajwa kwanza ni kitu cha kuuza: shamba, ng'ombe au mtaji wa duka.

Tatizo ni kwamba vikao vingi hupiga hesabu ya vitu viwili tu, yaani nauli na bei ya upasuaji. Kinachosahaulika ni siku za kukaa. Na siku hizo zinategemea aina ya viza ambayo mgonjwa amepewa.

India hutoa viza ya matibabu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile inayoombwa kwa mtandao, ambayo humruhusu mgonjwa kukaa siku 60 tangu anapoingia mara ya kwanza, na kuingia nchini humo mara tatu. Ya pili huombwa ubalozini, na inaweza kutolewa hadi mwaka 1 au kwa muda wa matibabu, kutegemea upi ni mfupi. Muda huo unaweza kuongezwa hospitali ikithibitisha kwamba tiba haijakamilika. Kwa njia zote mbili, mgonjwa anahitaji barua ya hospitali inayomtibu, na wasindikizaji wasiozidi 2 hupewa viza yao inayofuata ya mgonjwa.

Wengi hukimbilia ya mtandao kwa sababu ni ya haraka. Kwa upasuaji wa kawaida huenda ikatosha. Lakini chukua mgonjwa wa saratani aliyepangiwa mizunguko 6 ya dawa, mmoja kila baada ya siku 21. Kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa sita ni siku 105, bila kuhesabu vipimo vya mwanzo na uangalizi wa mwisho. Mgonjwa huyo akiwa na viza ya siku 60, viza itakwisha akiwa katikati ya tiba. Atalazimika kuomba nyongeza huku anaumwa, au kurudi nyumbani na kulipa nauli upya. Atakayepuuza na kuzidisha muda anavunja sheria ya uhamiaji.

Aliyepewa viza ya matibabu ya zaidi ya siku 180 naye ana wajibu wake. Anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14 tangu kufika. Anayekwenda kupandikizwa figo ana mzigo mwingine wa nyaraka, kwa kuwa sheria ya India ya mwaka 1994, iliyotungwa kuzuia biashara ya viungo, inataka uhusiano wa mgonjwa na ndugu anayetoa figo uthibitishwe. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa visitafutwe wakati watu wameshafika Chennai au New Delhi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano.

Sasa tuitazame hesabu kwa macho ya mkulima. Tuseme familia imetenga shilingi 80,000 kwa siku kwa chumba, chakula na usafiri wa watu wawili. Siku 20 ni shilingi 1,600,000. Siku 120 ni shilingi 9,600,000. Fedha hizo hazimo katika makadirio ya hospitali. Viza ya matibabu haimruhusu mtu kufanya kazi, kwa hiyo kila senti lazima itoke nyumbani. Na huko nyumbani msindikizaji ameacha palizi au ameliacha duka mikononi mwa mtoto. Msimu mmoja ukipotea, hasara yake nayo ni gharama ya matibabu, hata kama haina risiti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeuza shamba kwa haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Anayejua mapema kwamba atahitaji miezi minne anaweza kukodisha sehemu ya shamba, kuuza ng'ombe kwa awamu, au kusubiri mahindi yapande bei kwa ajili ya gharama za miezi ya mwisho.

Ipo pia hatua inayotangulia viza, nayo ni kuuliza kama safari yenyewe ni ya lazima. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015 na inafanya upasuaji wa moyo. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ocean Road inatibu saratani kwa dawa na mionzi. Si kila ugonjwa unatibika hapa, lakini si kila anayeuza shamba amefika huko kuuliza.

Wakati umefika kwa hospitali za rufaa kumwandikia mgonjwa anayetaka kwenda nje si jina la ugonjwa tu, bali pia makadirio ya siku za tiba, ili aombe viza inayolingana nazo. Mawakala wanaopeleka wagonjwa nje waseme wazi kama wanalipwa na hospitali wanazozisifu. Vyama vya kuweka na kukopa vifikirie mkopo wa matibabu unaorejeshwa baada ya mavuno, ili ardhi iwe dhamana badala ya kuuzwa.

Kwa familia, utaratibu ni rahisi kukumbuka: kwanza daktari aseme siku, kisha viza ifuate siku hizo, kisha fedha zihesabiwe. Mnunuzi wa shamba aitwe mwisho, kama bado atahitajika. Mgonjwa akipona anahitaji pa kurudi kulima.